Walivyotembea Watu wa Vaipapa

Bi Manogi alikuwa na funguo kumi na saba zilizotundikwa kwenye misumari jikoni kwake, na hakuna hata mmoja uliokuwa wa nyumba yake. Nyumba yake hakuwahi kuifunga. Funguo zile zilikuwa za majirani waliohamia ng'ambo, Auckland, familia moja baada ya nyingine, na kila aliyeondoka alipita kwake siku ya ndege akasema maneno yaleyale: uwe unatutazamia nyumba, tutarudi. Wachache walirudi, wakakaa wiki mbili za Krismasi, wakaondoka tena. Kila mwezi alizizungukia nyumba hizo, akafungua madirisha, akafagia mavi ya mijusi, akafukuza kuku waliokuwa wanatagia kwenye masinki, akafunga. Hakulipwa. Mara mojamoja lilimfikia boksi la nyama ya kopo na vitambaa, naye alishukuru kwa simu, kwa ufupi.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Kijiji chake, Vaipapa, kiko upande wa kisiwa cha Niue unaokabili mawio, na watu waliobaki humo walikuwa thelathini na wawili. Watoto kati yao walikuwa saba. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto, na watoto wa wenzake aliwaona kama alivyowaona kuku: hawana ubaya wakiwa mbali na baraza yake. Mumewe, Hekau, aliyekuwa dereva wa greda la barabara, alifariki miaka kumi na moja nyuma. Moyo ulisimama akiwa anavua viatu.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, Bi Manogi alikuwa barazani anasuka kofia ya majani ya mkadi. Akaona watoto watatu wamesimama chini ya ngazi. Wa mbele alikuwa Malama, mwenye miaka kumi, mtoto aliyezoea kuwapanga wenzake kama viti. Nyuma yake alisimama Ikinofo, wa miaka minane, ambaye kijiji kizima kilimjua kwa vitu alivyovunja.

"Bibi, tuna swali," alisema Malama.

"Kama ni mapapai, hayajaiva."

"Si mapapai. Mzee Setoga alikuwa anatembeaje?"

"Kwa miguu. Haya, nendeni."

Hawakwenda. Malama akaeleza. Mwalimu Vilisoni, kijana wa hapohapo aliyerudi kufundisha, alikuwa amewaanzishia kazi ya Jumamosi kwenye ukumbi wa kijiji: filamu ya vikaragosi, iwe tayari kwa siku ya maonyesho ya Vaipapa. Unamtengeneza mtu kwa waya na udongo wa kuchezea, unampiga picha, unamsogeza kidogo kama upana wa ukucha, unampiga tena. Picha zikipitishwa haraka, mtu anatembea. Watoto walikuwa wamechagua kuonyesha Jumapili ya zamani, kijiji kikiwa kimejaa, kila nyumba inatoa watu wake kwenda kanisani.

"Tukafanya wiki tatu," alisema Malama. "Mwalimu akatazama, akauliza, huyu nani? Tukamwambia Mzee Setoga. Na huyu? Mama Lupo. Akasema, mbona naona mtu mmoja amebadilisha nguo?"

"Akasema twende tukaulize kwa mtu anayewajua," Ikinofo akaongeza. "Tukasema bibi mwenye funguo."

Bi Manogi aliiweka kofia pembeni. Alimfikiria Setoga, aliyekuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwenye shamba la majimbi kule kwenye mawe makali. Aliona ni rahisi zaidi kuonyesha kuliko kueleza. Akashuka ngazi, akashika sketi yake kwa mkono mmoja kama mtu anayeshika kiuno cha suruali, akapita uani akinyanyua magoti juu, kila unyayo ukiwekwa chini kwa shaka.

"Ndivyo hivyo. Miaka arobaini alitembea juu ya mawe kwenda shambani. Hata barabara ilipotiwa lami, aliendelea kuiogopa."

"Rudia," alisema Malama.

"Nini?"

"Rudia bibi, polepole. Anaanza na mguu gani? Na mkono huu mwingine uko wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Bi Manogi swali la namna hiyo. Ilimbidi afikirie. Akarudia. Ikinofo alitambaa nyuma yake na kipande cha chaki, akawa anaweka alama kila unyayo ulipotua, na yule mtoto wa tatu akahesabu kwa sauti. Wakagundua kwamba Mzee Setoga alitumia picha tisa kwa hatua moja, wakati wenzake wangetumia sita. Waliandika kwenye daftari, wakashukuru, wakaondoka mbio. Baada ya nusu saa walirudi kumwuliza kama Mzee Setoga alitazama chini au mbele.

"Chini," alisema. "Acheni kunikimbiza kwenye ngazi, nitaanguka."

Jumamosi iliyofuata alionyesha watu wanne. Mama Lupo alitembea akitikisa mabega, mikono imetulia. Watoto wa Mzee Hafe walitembea wakikanyagana visigino. Ikipa, mdogo wake Bi Manogi mwenyewe, alitembea vidole vikitazama nje, tumbo mbele, kama bata. Wiki ya tatu watoto hawakuja mapema, naye, baada ya kutazama barabara mara mbili tatu, alichukua kofia yake na majani ya kusuka akaenda ukumbini mwenyewe. Alisema amekwenda kuangalia kama hawaharibu meza.

Meza ilikuwa ile ya ping-pong. Juu yake walikuwa wametandaza mchanga uliochekechwa, wakapanga nyumba za maboksi ya maziwa, na kanisa la kadibodi mwisho wa barabara. Kishikwambi cha shule kilifungwa kwa utepe kwenye mgongo wa kiti, na kiti kilifungwa kwa kamba kwenye nguzo. Watoto walinong'ona. Mmoja alisogeza, wote wakarudi nyuma hatua moja, wakaweka mikono mgongoni, Malama akagusa kioo, picha ikapigwa. Kisha wakasogea tena.

"Mmefika wapi?" aliuliza Bi Manogi.

"Sekunde nne," alisema Mwalimu Vilisoni, aliyekuwa amekaa sakafuni akikunja waya.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili."

"Asubuhi yote kwa sekunde nne. Na mimi nikimwita mmoja aje kunifagilia uwanja, anasema amechoka baada ya dakika moja."

Alikaa. Alitazama kwa muda, kisha akasema yule shemasi wa waya hawamwezi. "Huyo si Sionetali. Sionetali hakuwahi kumpita mwanamke bila kusimama kumsalimia. Kutoka kwake mpaka kanisani ni hatua mia mbili, na alikuwa akitumia nusu saa."

Watoto walitazamana. Kumsimamisha Sionetali mbele ya kila mwanamke kulikuwa na maana ya kuanza upya.

"Ni lazima?" aliuliza Ikinofo.

"Si lazima. Mnaweza kumwita jina lingine."

Walianza upya.

Siku hiyohiyo, au pengine iliyofuata, Ikinofo aliegemea meza. Hakufanya makusudi. Aliinama kuokota kofia ndogo iliyoanguka, kiuno kikagusa, na kijiji kizima kikatikisika kidogo. Hakuna aliyeona, naye hakusema. Wakapiga picha mia na thelathini zaidi. Walipotazama, kila mtu barabarani aliruka upande kwa wakati mmoja, kama nchi imepigwa teke. Malama alijua mara moja ni nani. Alimkamata Ikinofo shati, wakaanguka chini wote wawili, na Mwalimu Vilisoni aliwatenganisha kwa shida.

Bi Manogi alingoja afukuzwe mmoja wao. Mwalimu hakumfukuza mtu. Aliwauliza wangepoteza picha ngapi kama Ikinofo angesema palepale.

"Moja," alisema Malama, bado anahema.

"Na kwa nini hakusema?"

Ikinofo ndiye aliyejibu, huku anafuta pua. "Kwa sababu huyu angenipiga."

Wakawekeana sharti wao wenyewe: anayegusa anasema "nimegusa" papo hapo, na akisema, hakuna wa kumpigia kelele. Malama alilikubali sharti hilo kwa uso wa mtu aliyepewa dawa chungu. Lakini alilishika. Wiki mbili baadaye mtoto mdogo kuliko wote alimwangusha Mama Lupo kifudifudi, akasema "nimegusa" kwa sauti ya kuanza kulia, na Bi Manogi alimwona Malama akifumba macho, akivuta pumzi, kisha akisema, "Haya. Mguu wake ulikuwa wapi?"

Na ikatokea siku moja ya katikati ya wiki, Bi Manogi yuko jikoni, akasikia kitu kimepasuka barazani. Alipotoka alimkuta Ikinofo amesimama kando ya chungu cha maua, vipande chini. Hakukimbia.

"Bibi, nimegusa," alisema.

Bi Manogi alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga. "Lete ufagio," alisema.

Katikati ya mwezi wa saba walikuwa wamebakiza nyumba moja. Malama alikuja barazani na daftari lake.

"Bibi, nyumba yako. Ulikuwa unatoka na babu Hekau. Alikuwa anatembeaje?"

Bi Manogi alishuka ngazi kama kawaida. Alisimama uani. Akaanza kutembea, hatua kama tano, akasimama. "Hapana," alisema. Akaanza tena, mabega chini zaidi. Mtoto aliyekuwa na chaki alimtazama Malama.

"Huo ni mwendo wako, bibi," alisema Malama.

"Najua."

Alijaribu mara ya tatu. Alimkumbuka Hekau vizuri: mikono yake yenye harufu ya dizeli, jinsi alivyokoroma, jinsi alivyokula majimbi ya baridi asubuhi amesimama. Sauti yake alikuwa nayo. Lakini kila alipotaka kumwona anatembea barabarani, barabara ilikuwa tupu. Aliwaambia watoto warudi kesho. Kesho yake aliwaambia warudi Jumamosi. Akauliza kijijini, na waliobaki wakasema alitembea kawaida tu, kama watu.

Siku ya Alhamisi alimpigia simu wifi yake, Tiva, dada yake Hekau, aliyekuwa Auckland kwa mwaka wa ishirini na sita sasa.

"Wifi, Hekau alikuwa anatembeaje?"

"Umeamka mzima wewe?"

"Nimeamka mzima. Jibu."

"Alikuwa hatembei," alisema Tiva.

"Usinitanie."

"Sikutanii. Siku za Jumapili sisi tulikuwa tunatoka nyuma yenu, tunakufa kwa kucheka. Wewe unasimama kila mlango. Huyu unamwambia shati halijapigwa pasi, huyu unamwuliza mtoto kwa nini hana viatu, yule unamkumbusha sahani yako. Na kaka yangu nyuma yako, anangoja. Ukienda, anakwenda. Ukisimama, anasimama. Mimi sijawahi kumwona kaka yangu akipiga hatua kumi mfululizo siku ya Jumapili. Mbona unauliza?"

"Watoto wanataka."

"Watoto wa nani?"

"Wa hapa. Salimia wote."

Alikata simu, akaenda kuanua nguo.

Jumamosi aliwaambia watoto kama alivyoambiwa, bila kupunguza. Ikinofo alifurahi. "Basi rahisi. Tunamsimamisha tu." Wakamsimamisha Hekau wa waya nyuma ya Manogi wa waya, mbele ya nyumba ya kwanza, wakapiga picha ishirini na nne bila kumgusa. Walipotazama, wakarudisha nyuma, wakatazama tena.

"Amekuwa nguzo," alisema mmoja.

"Amekufa," alisema Ikinofo, kisha akamtazama Bi Manogi, akashika mdomo.

"Alikufa kweli," alisema Bi Manogi. "Endeleeni."

Malama alimwambia Ikinofo asimame katikati ya ukumbi asitikisike kabisa, na wengine wakakaa chini kumtazama dakika nzima. Ikinofo alijitahidi. Alipepesa macho. Akahamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Kifua kikapanda na kushuka. Akajikuna shingo bila kujua kama amejikuna. Malama akawa anaandika.

"Unaona," alisema. "Mtu akisimama, hasimami. Tukimwacha anakuwa kitu. Inabidi tumsogeze kidogo kila picha, kidogo sana, mpaka aonekane hatembei." Aligeuka. "Bibi, akikungoja, alikuwa anafanya nini?"

"Nitajuaje, na mimi nimempa mgongo?"

Watoto walingoja. Walikuwa wamejifunza kungoja; wangeweza kukaa hivyo wakati wa picha mia. Bi Manogi alitazama vidole vyake vilivyokuwa vimeshika jani la mkadi.

"Kulikuwa na kofia," alisema mwishowe. "Nilikuwa naisikia. Anaivua, anajipiga nayo pajani. Mara mbili. Halafu kimya. Halafu tena mara mbili."

"Kwa nguvu?"

"Hapana. Hivi." Akajipiga pajani kwa kiganja, taratibu.

"Alikuwa amechoka kungoja?" aliuliza Ikinofo.

"Sijui. Hakuwahi kuniambia, na mimi sikumwuliza."

Kofia ya Hekau aliisuka yeye, kubwa kama kizibo cha chupa, kwa uzi wa mkadi aliouchana kwa sindano. Sekunde kumi na moja za Hekau ziliwachukua Jumamosi tatu. Mara moja walikuwa wamefika picha ya sitini, Malama akasahau kama kofia inapanda au inashuka, akasema, "Nimekosea mimi, nimesahau," na wenzake hawakumpigia kelele.

Siku ya maonyesho watu walikuja kutoka vijiji vyote. Asubuhi yalihukumiwa majimbi na viazi vikuu, wakapimwa uga, wale kaa wakubwa wa minazi, mmoja akikaribia kilo tatu, amefungwa kamba mikono yote. Karibu na saa sita madirisha ya ukumbi yalifunikwa kwa mikeka, shuka likatundikwa ukutani. Filamu ilikuwa na dakika moja na sekunde chache. Bi Manogi alikaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, akisema anahitaji hewa.

Milango ya maboksi ya maziwa ilifunguka na watu wakatoka. Mzee mmoja wa mbele akaanza kuwataja kwa sauti, bila haraka, kama anayeita mahudhurio. Setoga huyo. Mama Lupo. Watoto wa Hafe, tazama visigino. Sionetali aliposimama kwa mwanamke wa nne, ukumbi ulicheka, na mjane wake aliyekuja kutoka mjini Alofi alicheka akifunika uso kwa kipepeo cha majani. Kisha mlango wa nyumba ya mwisho ukafunguka. Mtu mwenye alama ya mafuta ya greda kwenye shati akatoka, akasimama, akavua kofia, akajipiga pajani. Mara mbili. Kimya. "Hekau," alisema mtu gizani, si kwa nguvu.

Bi Manogi aliangalia shuka. Hakuwa ameona kabla ya hapo mwendo wa aliyekuwa mbele ya Hekau, kwa sababu sehemu hiyo watoto waliipiga siku alizokuwa akizungukia nyumba. Kulikuwa na mwanamke mwembamba, kichwa mbele kuliko miguu, kidole kimenyooshwa, anakwenda kwa hatua fupi za haraka kutoka mlango hadi mlango. Hapo ndipo watu walipocheka kuliko mahali pengine pote.

Mikeka ilipoondolewa alimwita Malama. "Mimi siko vile. Na hamkuniuliza."

"Hatukuhitaji, bibi. Tulikuangalia."

"Kidole kile mmezidisha."

"Tulihesabu. Kutoka kwako mpaka ukumbini unakinyoosha mara kumi na nne. Tumeweka tisa."

Bi Manogi alikiona kidole chake, kilichokuwa kimenyooshwa kuelekea kwa mtoto, akakikunja. Akaenda kuchukua sahani yake ya takihi, majimbi na mapapai yaliyopikwa kwa tui.

Filamu ilitumwa Auckland siku hiyohiyo, na Jumatatu Ikipa alipiga simu.

"Dada, ndiyo mambo gani haya? Mmenifanya bata."

"Hakuna aliyekufanya."

"Wajukuu zangu wananifuata hapa ndani wanatembea vile. Mimi nilikuwa natembea sawasawa. Waambie wairekebishe."

"Simama hapo ulipo," alisema Bi Manogi. "Mwambie mjukuu akutazame ukienda jikoni, kisha umpe simu."

Ikipa alikata. Watu wengine walipiga kuomba. Mmoja alitaka mama yake aongezwe, mwingine alisema baba yake alikuwa na mbwa. Watoto walijadiliana wakakataa, kwa kuwa miguu ya waya ilikuwa imeshakunjuliwa na udongo umekandwa upya, rangi zote zimechanganyika zikawa kahawia. Mwezi wa kwanza Malama na wazazi wake walihamia Auckland. Wenzake walilia uwanja wa ndege, wakanyamaza njiani, na Jumamosi Ikinofo ndiye aliyegusa kioo. Alikuwa na mikono mizito lakini hakuwa na haraka tena.

Mwaka huo watoto waliamua kufanya filamu ya kaa, jinsi uga anavyopanda mnazi na kuibiwa nazi yake na mwenzake. Hakuna aliyekuja barazani kuuliza kitu. Bi Manogi alizungukia nyumba zake Jumamosi mbili mfululizo, hata zile ambazo hazikuwa zimefika zamu. Ya tatu alichukua kikapu cha majani ya mkadi akaenda ukumbini.

"Nimekuja kusuka kofia," alisema.

Ikinofo alimtazama, akatafuta namna ya kusema. "Kaa havai kofia, bibi."

"Najua kaa havai kofia."

Kisha Ikinofo akamsogezea kiti, mbali na meza kwa urefu wa mkono, na akamwambia kama anataka anaweza kushika taa, kwa sababu wanayoitundika inayumba upepo ukiingia. Ila akichoka aseme, asiishushe kimyakimya. Bi Manogi alikubali. Aliishika mpaka saa saba mchana, akabadilisha mkono mara tatu, na kila mara alisema kwanza.